Muulize Fundi Picha: Laki nne, Boxer moja na njia ya Tukuyu

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni seremala hapa Mbagala. Mwezi wa saba nataka kwenda kumsalimia bibi Tukuyu kwa pikipiki yangu mwenyewe, Boxer 150. Miaka yote naenda kwa basi, nalala njia nzima, nchi yenyewe sijawahi kuiona. Nataka niirekodi safari, nimwonyeshe bibi na wanangu, na ikitoka vizuri niirushe mtandaoni. Nimetenga laki nne. Kariakoo kijana mmoja wa dukani ananiambia nichukue kamera ya laki moja na nusu iliyoandikwa 4K, mwenzake anasema nijikaze niongeze hela nichukue GoPro mpya. Helmeti yangu ni ile ya kufunika uso mzima. Kompyuta sina, nina simu ya Android. Nishauri. *Seremala, Mbagala*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na bibi umsalimie. Laki nne inatosha, ila isiishie yote kwenye kamera. Barua zinazonifikia hapa zinafanana: mtu kanunua kamera kwa hela yake yote, kaitia kadi ya kuokoteza, betri ya akiba hana, maiki hana, halafu karudi na masaa ya upepo unaovuma na lami inayokimbia. Video hiyo hata mama mzazi hamalizi. Kwa hiyo kamera yako isizidi laki mbili na nusu. Inayobaki nitakuonyesha pa kuipeleka.

Huyo wa 4K ya laki moja na nusu mpite kwa salamu. Kamera nyingi za bei hiyo hupiga picha ndogo kisha huivuta ijae kipimo cha 4K, yaani kile cha picha kubwa yenye nukta nyingi. Faili linakuwa zito, picha haiongezeki kitu. Isitoshe, mtu wa Boxer hahitaji 4K. Anahitaji kamera inayotuliza mtikisiko, kwa sababu injini ile ina pistoni moja na hutetemeka kila mahali, kuanzia usukani hadi kiti. Picha isiyotulizwa hukunjakunja nguzo za umeme na mstari wa barabara hadi mtazamaji asikie kichefuchefu.

Tafuta GoPro Hero7 Black iliyotumika. Ilitoka mwaka 2018, na ndiyo ya kwanza kuwa na HyperSmooth, yaani ule utulizaji wao ambao mpaka leo haujanichosha. Soma neno Black kwa macho yako mwenyewe. Hero7 zilikuwa tatu, White, Silver na Black, na wauzaji wengi wanaziita zote "Seven". White na Silver hazina HyperSmooth, na betri zake hazitoki, kwa hiyo chaji ikiisha pale Ilula umeshasimama. Sababu yangu ya pili ya kuipenda Black hiyo ni kioo chake cha mbele. Kinafunguka na kubadilishwa. Lori likikurushia kokoto utanunua kioo, hutanunua kamera. Kwenye Hero8 iliyofuata kioo hakitoki tena.

Dukani usiridhike na kuwashiwa na kuonyeshwa. Nenda na kadi yako, washa kurekodi, iweke mezani, na kaa ukipiga stori dakika ishirini. Ikijizima au ikiganda, mrudishie mwenyewe. Toa betri uilaze juu ya kioo cha kaunta: ikipepesuka kama mtumbwi imevimba. Chungulia tundu la chaji kama kuna kutu ya kijani. Kisha cheza ulichorekodi kwa sauti, usikie kama maiki ya ndani bado inafanya kazi.

Kadi ndipo watu wanapoibiwa. Hesabu ni hii: kamera ikiandika megabiti 40 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 5. Kwa dakika ni megabaiti 300, kwa saa ni gigabaiti 18. Kadi ya 64 itabeba masaa matatu na nusu hivi. Nunua mbili za 64 badala ya moja ya 128, ili moja ikifa usirudi mikono mitupu. Tafuta alama ya V30 au U3. Maana yake kadi haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde inapoandika. Feki zimejaa. Kadi feki hudanganya simu kwamba ina gigabaiti 64, kumbe ndani ina 8, na ikishajaa inaandika juu ya ulichorekodi asubuhi. Nenda internet kafe yoyote yenye Windows, uombe waipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw. Inajaza kadi yote kisha inaisoma tena. Inachukua muda, kanywe chai.

Mipangilio usiitese. Weka 1080p, yaani ukubwa wa picha wa HD ya kawaida, fremu 50 kwa sekunde, na kwenye menyu chagua PAL (ya nchi za umeme wa hezi 50) badala ya NTSC (ya hezi 60). Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera iliyowekwa NTSC ikiingia gesti usiku taa nyingi zitapepesa. Washa pia QuikCapture. Hapo kitufe kimoja cha juu kinaiwasha kamera na kuanza kurekodi papo hapo, ukikibonyeza tena inasimama na kujizima. Jizoeze kwa kidole chenye glavu huku umekaa sebuleni.

Helmeti ya kufunika uso ni bahati yako. Kamera ifunge kidevuni. Shingo yako inameza mtetemo mwingi kabla haujafika kichwani, na kutokea kidevuni mtazamaji anaona unachokiona wewe, na usukani kidogo kwa chini. Utosini hapana: picha inatokea juu mno, na kichwa kinashikwa na upepo. Kishikizo cha gundi kina masharti. Futa helmeti kwa spiriti, iache ikauke, bandika, kandamiza, halafu iache siku nzima kabla hujaning'iniza kitu. Wengi wanabandika asubuhi ya safari, na kamera inabaki Chalinze. Tafuta pia mshipi wa kuvulia samaki, ufunge kamera na mkanda wa helmeti. Gundi ikiachia, kamera itaning'inia badala ya kuingia chini ya basi. Kisha kaa kwenye pikipiki iliyozimwa, tazama mbele kama unaendesha, rekodi sekunde kumi, uangalie. Upeo wa mbali ukae katikati ya picha. Wengi wakipanda pikipiki wanainamisha kichwa bila kujua, wanarudi na filamu ya tenki la mafuta.

Sasa sauti, na hapa nisikilize kuliko pote. Ukizidi kilomita 40 kwa saa, maiki ya kamera inasikia upepo tu. GoPro hiyo haipokei maiki ya nje bila adapta yake, na adapta ni hela. Achana nayo. Nunua maiki ya kubana kwenye shati, mfano Boya BY-M1, uichomeke kwenye simu. Kama simu yako haina tundu la duara la earphone, ongeza kale kawaya ka kugeuzia. Waya wa maiki hiyo una urefu wa mita 6, kwa hiyo uviringe ufunge na raba, uutie mfuko wa ndani wa jaketi pamoja na simu. Ina swichi, iweke upande wa simu. Kichwa cha maiki kivalishe kile kisponji chake, ukiingize chini ya sponji ya shavu ndani ya helmeti, karibu na kona ya mdomo lakini kisiguse ndevu. Washa kinasa sauti cha simu, washa kamera, kisha piga kofi moja mbele ya lenzi. Wakati wa kuhariri utalinganisha mlio wa kofi kwenye sauti zote mbili, na maneno yatakaa sawa na picha.

Hata hivyo usijilazimishe kuongea unaendesha. Unaogopa lori nyuma, sentensi zinakatika, unasema "aisee" mara mia. Sauti nzuri kuliko zote za safari hurekodiwa usiku gesti, umejifunika blanketi gubigubi na simu mkononi, ukisimulia ya siku hiyo. Blanketi linaua mwangwi wa chumba. Fanya hivyo kila usiku kabla hujalala, kwa sababu kesho yake utakuwa umesahau jina la mama aliyekuuzia uji. Na ukisimama popote, rekodi dakika moja ya sauti tupu: soko, mvua kwenye bati, injini ikiwashwa asubuhi.

Safari yako ni karibu kilomita 900. Ningekuwa wewe ningelala Morogoro, kisha Iringa, siku ya tatu nikaingia Tukuyu mchana. Toka kila siku alfajiri. Barabara inaelekea kusini magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni na kila kitu mbele yako kinang'aa. Mchana ukigeuka, unaendesha ukitazama jua, na picha inakuwa kivuli na vumbi la kioo. Mchana huo utumie kupumzika, kuchaji betri mgahawani na kurekodi watu.

Usirekodi mfululizo. Sekunde thelathini hapa, arobaini pale, inatosha. Lakini pana sehemu mbili za kuiacha kamera iende. Ya kwanza ni Mikumi, ambapo barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50. Washa kabla hujafika, na usisimame mle ndani hata ukiona twiga anakuita. Tembo hajali kama una wafuasi. Kuna ubao wa faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Huo pita nao polepole uingie kwenye picha, watu wanaupenda. Ya pili ni mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa. Washa ukiwa chini kabisa, acha mpaka juu, malori ya Zambia na Kongo yakipanda kwa gia ya kwanza pembeni yako. Usimpite mtu kwenye kona kwa ajili ya video.

Ruaha Mbuyuni zima injini. Kabla hujafika Kitonga, hilo ndilo bonde la mibuyu, na kando ya barabara wanauza vitunguu. Nunua kwanza, piga soga, ndipo uombe kurekodi. Ukianza na kamera wanakuona mwandishi wa habari, ukianza na hela unakuwa mteja. Shusha kamera kwenye helmeti uishike kifuani, urekodi mikono inayofunga vitunguu kabla ya sura.

Sasa nikuambie lililonifurahisha kwenye barua yako. Wewe ni seremala. Ukishapita Iringa unaingia Mafinga, baridi kali, misindano pande zote. Huko Mufindi ndiko uliko msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa Tanzania, na mbao nyingi za paini unazopiga randa hapo Mbagala zimetoka huko. Basi filamu yako si "nimekwenda Tukuyu kwa pikipiki". Hizo zipo nyingi. Anza kwenye karakana yako, mikono yako ikipiga randa ubao. Ukiwa njiani, kila lori la mbao linaloshuka Dar likikupita, lirekodi. Ukifika Mafinga, simama kwenye kiwanda cha kupasua magogo, jitambulishe kwa kazi yako, waambie mbao zao unazijua zikifika kwako zimepinda au hazijapinda. Mafundi watakukaribisha kuliko wanavyomkaribisha mpiga picha. Hapo ndipo pa kutumia kadi yako ya pili. Mimi nimepiga video za harusi miaka mingi, na nakuhakikishia mtazamaji humfuata mtu anayejua anachokitazama.

Kuhusu picha ya pikipiki ikipita, ile wanayoipenda wote: jaza mchele kwenye soksi, ifunge, ilaze juu ya kalavati au jiwe la kilomita, kamera ikae juu yake. Rudi nyuma mita mia mbili, upite. Fanya pasipo na watu wala magari, mahali unapoiona kamera muda wote. Mchele utampikia bibi.

Betri nunua ya pili, na itembee mfuko wa shati karibu na mwili. Baridi ya Makambako inamaliza chaji upesi. Ukifika Uyole na kukunja kuelekea Tukuyu, jiandae kwa ukungu na manyunyu, hata mwezi wa saba. Kamera hiyo inavumilia maji mlango wake wa pembeni ukiwa umefungwa. Ukiufungua ili uichaji na pawabanki huku unaendesha, haivumilii tena. Maiki nayo itie mfukoni. Soko la Kiwira na mikungu yake ya ndizi linapendeza zaidi likiwa limelowa.

Kambi za jeshi, vituo vya polisi na askari wa barabarani usiwarekodi. Ukisimamishwa, zima kamera kabla hujafungua kioo cha helmeti, umsalimie askari, utoe leseni. Tangu mwaka 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo sura ya mtu uliyezungumza naye usiirushe hewani bila ridhaa yake, na watoto wa watu waombee ruhusa kwa wazazi.

Kuhariri, programu ya CapCut kwenye simu inakutosha. Nunua kile kisoma kadi cha OTG kinachochomekwa kwenye tundu la chaji la simu, hamishia simuni vipande unavyovitaka tu, maana simu itajaa. Kadi usiifute mpaka video iwe imehifadhiwa sehemu mbili. Weka kwanza sauti uliyosimulia gesti, kata picha zifuate maneno. Dakika nane zikizidi, punguza lami.

Swali: Niaje Fundi? Niko Voi. Nilifunga iPhone yangu kwenye usukani wa nduthi nikaenda Taveta na kurudi, mara kadhaa. Sasa kamera imeanza wazimu: hata nikiishika kwa mkono nikiwa nimesimama, picha inacheza kama iko majini, na haikamati kitu cha karibu. Fundi wa simu anasema nibadilishe skrini. Ni kweli? *Mwendesha nduthi, Voi*

Jibu: Poa sana. Skrini haihusiki kabisa, usitoe hela. Ndani ya kamera ya simu yako kuna lenzi inayoelea kwa sumaku ili itulize mkono unaotetemeka, na kidude kingine kinachosaidia kulenga. Mtetemo wa injini ukipita kwenye usukani moja kwa moja hadi kwenye simu, kwa muda, vitu hivyo huharibika. Apple wenyewe walitoa onyo hilo Septemba 2021. Walishauri simu isifungwe kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na kwa zile ndogo kitumike kishikizo chenye mpira wa kumeza mtetemo. Tiba yako ni kubadilisha kamera ya nyuma yenyewe. Ukishabadilisha, simu ikae mfukoni. Kama lazima urekodi kwa simu, tafuta ya zamani ya bei ya chini isiyo na utulizaji wa lenzi. Hiyo ina vichache vya kuharibika. Ifunge kifuani kwa mkanda, si kwenye usukani.

Swali: Fundi, naomba jibu fupi. Nina laki sita, ninunue drone ya kurekodi pikipiki yangu nikienda Ngorongoro na marafiki? *Kijana wa Dodoma*

Jibu: Hapana. Drone inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla haijaruka, na hifadhini inataka kibali kingine tena. Pia nani ataiendesha na wewe uko juu ya pikipiki? Soma jibu la seremala hapo juu.

Swali: Habari za kazi, Fundi Picha. Mimi na mume wangu tunatoka Usa River kwenda Lushoto kwa pikipiki, yeye anaendesha, mimi niko nyuma. Kamera hatuna wala hatutanunua, tuna simu yangu tu. Kuna la kufanya au niache? *Mama Careen*

Jibu: Njema, dada. Usiache, una nafasi ambayo wenye kamera wanaitamani: mtu wa pili aliyeketi nyuma. Simu itie kamba ya shingoni, tena iwe ngumu. Mkono mmoja umshike shemeji kiunoni, wa pili ushike simu, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, kisielee. Piga sekunde kumi kumi. Juu ya bega lake upate barabara na kioo cha pembeni kikionyesha macho yake. Geukia pembeni upate mashamba ya mkonge mkishaingia wilaya ya Korogwe, kabla ya Mombo. Ile njia ya kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kona nyingi na korongo upande mmoja, huko simu irudi kifuani na mikono yote miwili imshike. Mkitaka picha ya kona hizo, mwambie asimame palipo na nafasi, ushuke, ukae upande wa ndani wa barabara, yeye ateremke na pikipiki kidogo kisha apandishe tena mbele yako. Atajidai hataki, lakini atarudia mpaka helmeti imkae sawa.